Picha za Wafiwa Wasiohesabiwa

Mjane hana haja ya kuthibitisha kwamba amefiwa. Ana cheti cha ndoa, ana mahali pake pa kukaa msibani, na jina lake linatajwa mapema wasifu wa marehemu unaposomwa. Akiwa Mwislamu atakaa eda, na hata majirani wasiomjua vizuri wataelewa kwa nini hatoki. Aliyefiwa na mpenzi wa jinsia yake mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Ndugu wa marehemu wakifika, anageuka kuwa "rafiki yake" au "yule waliyekuwa wakipanga pamoja", na kiti chake ni cha nyuma. Kinachomshuhudia ni picha, kama walipiga.

Kwa takriban miaka 50 sasa limekua tawi zima la upigaji picha linaloanzia hapo. Msanii anajipiga mwenyewe, anawapiga wapenzi wake, rafiki zake, wagonjwa wake na maiti wake, kisha anayatoa hadharani mambo ambayo kwa desturi huishia chumbani. Wapo wanaoiita sanaa ya kujianika. Jina hilo linaeleza tabia tu, halielezi kazi. Picha bora za aina hii zinafanya kazi ya hati: zinaonyesha nani alikuwa wa nani, nani alimuuguza nani, na nani ana haki ya kulia mbele za watu. Na hati, kama kila anayemiliki shamba ajuavyo, haina nguvu yenyewe. Nguvu yake inategemea iko mikononi mwa nani.

New York: aliyebaki chumbani

Peter Hujar, mmoja wa wapiga picha hodari wa New York, alikufa kwa Ukimwi tarehe 26 Novemba 1987 akiwa na miaka 53. Aliyekuwa kando ya kitanda chake hospitalini ni David Wojnarowicz, mchoraji na mwandishi aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka 20. Walikuwa wapenzi kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha uhusiano wao ukawa wa mtu na mwalimu wake, mtu na kaka yake, mtu na baba aliyemchagua mwenyewe. Sheria haikuwa na safu ya kumwandika Wojnarowicz.

Hujar alipokata roho, Wojnarowicz aliwaomba waliokuwamo chumbani watoke, akachukua kamera. Alipiga picha 23. Tatu kati ya hizo ndizo zinazojulikana zaidi: uso, mkono, miguu. Uso una ndevu, mdomo umeachama kidogo, macho hayakufumba sawasawa. Mkono umelala juu ya shuka. Nyayo zimejitokeza. Mpiga picha wa gazeti angerudi nyuma hadi ukutani apate kitanda kizima na chumba chake. Muuguzaji haujui mwili wa mgonjwa hivyo. Anaujua kwa vipande, kwa kuwa ndivyo alivyouhudumia: mguu aliousugua, mkono uliotafutwa mshipa, mdomo alioupangusa baada ya kumnywesha maji. Mpangilio wa picha zile tatu unamtaja aliyezipiga kwa uhakika kuliko saini, na haungeweza kutoka kwa mgeni.

Baadaye Wojnarowicz alizibandika picha hizo kwenye kazi kubwa zaidi na kuchapisha juu yake maandishi yake ya hasira dhidi ya viongozi waliowaacha wagonjwa wa Ukimwi wafe. Alihamia katika nyumba ya Hujar akawa anatumia chumba chake cha giza cha kusafishia picha. Wahenga walisema mwosha huoshwa: naye alifariki kwa Ukimwi Julai 1992, akiwa na miaka 37, na rafiki zake wakamfanyia maandamano ya mazishi katika mitaa ya East Village.

Nan Goldin, mpiga picha mwingine wa New York, aliufikia msiba mapema zaidi. Alikuwa na miaka 11 dada yake Barbara alipojiua mwaka 1965, na mama yao akataka watoto waambiwe kwamba ilikuwa ajali. Goldin ameeleza mara nyingi kwamba kamera yake ilitokana na uongo ule: alitaka kuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mzazi wala mtu mwingine angeweza kuirekebisha. Kazi yake kuu, The Ballad of Sexual Dependency, ilianza kama slaidi zilizoonyeshwa kwa muziki kwenye baa na kumbi za New York. Watazamaji wa kwanza walikuwa watu walewale waliopigwa: wapenzi wa jinsia moja, wanaume waliovaa kike, walevi wa dawa, wanandoa waliopigana na kurudiana. Ilipotoka kama kitabu mwaka 1986 ilikuwa tayari albamu ya ukoo mzima usio na damu moja. Goldin hakujitoa katika ukoo huo. Yumo mwenyewe, mwaka 1984, jicho limevilia damu na midomo imepakwa rangi nyekundu, mwezi mmoja baada ya kupigwa na mpenzi wake.

Kisha Ukimwi ukaanza kuipunguza albamu. Rafiki yake Cookie Mueller, mwandishi na mwigizaji, anaonekana katika picha za Goldin kuanzia mwaka 1976. Tunamwona akicheka, tunamwona siku ya harusi yake, tunamwona mbele ya jeneza la mumewe Vittorio mwaka 1989, na miezi michache baadaye tunamwona ndani ya jeneza lake mwenyewe. Goldin amekiri kwamba alikuwa akiamini hawezi kumpoteza mtu akimpiga picha za kutosha, na kwamba picha zenyewe ndizo zilizomwonyesha ni kiasi gani amepoteza. Kwa hiyo tusiipe kamera uwezo isiokuwa nao. Haimrudishi mtu. Inachoweza ni kuwanyima walio hai nafasi ya kusema hakuwepo.

Novemba mwaka huohuo, 1989, Goldin aliandaa maonyesho katika ukumbi wa Artists Space na kuwaalika wenzake waliokuwa wakifa na kuzika. Shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sanaa liliondoa ruzuku ya dola 10,000 kwa sababu ya makala ya Wojnarowicz iliyokuwa ndani ya katalogi. Baada ya kelele nyingi fedha zilirudishwa, kwa sharti kwamba zisigharimie katalogi hiyo. Picha za wafu zilivumilika. Kilichokataliwa ni maelezo ya nani aliwaacha wafe.

Kitanda na maelezo yake

Ugomvi huo unaonyesha udhaifu ambao wasanii wenyewe waliujua: picha peke yake husema kidogo kuliko tunavyodhani. Mfano mzuri ni wa Hujar. Mwaka 1969 alimpiga mwanamume usoni akiwa kwenye kilele cha starehe. Mwaka 2015 picha hiyo iliwekwa kwenye jalada la A Little Life, riwaya ya Hanya Yanagihara iliyojaa mateso, na wasomaji wengi wakauona uso ule kuwa wa mtu aliye kwenye maumivu makali. Sura ya raha na sura ya uchungu zinakaribiana mno, na anayeandika maelezo ndiye anayeamua. Wojnarowicz aliandika juu ya picha zake kwa sababu hiyo: hakutaka mtu mwingine amwandikie.

Félix González-Torres, mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi New York, alichukua njia ya kinyume. Mpenzi wake Ross Laycock alifariki kwa Ukimwi mwaka 1991. Mwaka huohuo msanii alipiga picha ya kitanda chenye mashuka meupe na mito miwili iliyobonyea pale vichwa vilipolala. Mwaka 1992 jumba la sanaa la MoMA liliibandika kwenye mabango 24 mitaani New York, bila jina na bila neno lolote. Aliyepita na habari zake aliona kitanda cha Ross. Aliyefiwa na mkewe aliona kitanda chake mwenyewe.

Ukimya huo ulikuwa na makali yake. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba majimbo yanaweza kuwashtaki wapenzi wa jinsia moja kwa wanayoyafanya chumbani mwao, na uamuzi huo haukutenguliwa hadi 2003. Kama dola imeingia chumbani, msanii alikitoa kitanda barabarani: hakuna mwili wa kukamata, hakuna uso wa kutambua, na hakuna wa kukanusha kwamba watu wawili walilala hapo na kwamba hawapo tena. Kwa wanaoishi chini ya sheria za namna hiyo leo, somo la bango lile ni kubwa kuliko la picha yoyote ya uchi.

Mwana asiyerudi Ife

Rotimi Fani-Kayode alizaliwa Lagos mwaka 1955 katika familia kubwa ya Kiyoruba yenye siasa na vyeo vya jadi. Mapinduzi ya mwaka 1966 yaliwakimbiza hadi Uingereza. Alisoma Marekani, akarudi London, na kwa takriban miaka sita tu ya kazi aliacha picha ambazo bado zinajadiliwa. Alijieleza kuwa mgeni mara tatu: kwa mapenzi yake, kwa kuwa mbali na nchi na utamaduni wake, na kwa kutokuwa mwana mwenye ndoa ya heshima ambaye wazazi wake walimtarajia.

Msiba wake kwa hiyo una sura nyingine. Anaomboleza ukoo uliobaki hai bila yeye. Katika Bronze Head ya mwaka 1987, sehemu ya chini ya mwili wa mwanamume iko juu ya kichwa cha shaba cha mtindo wa Ife, mji wa kale wa Wayoruba, na mtazamaji hawezi kukata shauri kama mwili ule unamzaa babu au unamkalia. Kwa mtu aliyenyimwa nafasi kwenye madhabahu ya nyumbani, utata huo ni sahihi kabisa: anawaheshimu mizimu na anawadai. Picha nyingine zinatumia vinyago, majani, manyoya na matunda, kana kwamba studio ya Brixton ni kilinge. Nyingi alizifanya pamoja na mpenzi wake Alex Hirst. Fani-Kayode alifariki Desemba 1989, Hirst akamfuata 1992, na hadi leo wahakiki wanabishana ni kipi cha nani katika kazi za mwisho. Ubishi huo ni wa mirathi, na umekuwa mgumu kwa sababu hawakuwa na cheti cha kuonyesha kilichokuwa chao wote wawili.

Afrika Kusini: kuhesabu walio hai na waliozikwa

Anayelikamilisha wazo la picha kama hati ni Zanele Muholi, mzaliwa wa Umlazi, Durban, mwaka 1972. Afrika Kusini ina katiba ya mwaka 1996 inayokataza ubaguzi kwa misingi ya mapenzi, na tangu 2006 ndoa za jinsia moja ni halali. Lakini katika vitongoji wanawake wanaopenda wanawake waliendelea kubakwa na kuuawa. Karatasi iliwatambua, mtaa ukawazika. Mwaka 2006 Muholi alianza Faces and Phases: picha za nyeusi na nyeupe, mtu mmojammoja, anayetazama lenzi moja kwa moja, na chini yake jina, mahali na mwaka. Waliopigwa anawaita washiriki. Wa kwanza alikuwa Busi Sigasa, mshairi na mwanaharakati, aliyefariki mwaka uliofuata. Mkusanyiko umepita picha 500, na zinapotundikwa ukutani kwa safu, huachwa nafasi tupu. Mtu anayetazama safu zile anasoma daftari la ukoo, pamoja na mistari iliyokatwa.

Mwaka 2009 waziri wa sanaa wa wakati huo, Lulu Xingwana, aliondoka katika maonyesho yaliyokuwa na picha za Muholi za wanawake waliokumbatiana, na baadaye akasema kazi za aina hiyo ni kinyume cha maadili na hazijengi taifa. Mwaka 2014 Muholi alifanya onyesho aliloliita Of Love and Loss, akaziweka harusi na mazishi ya watu wa jamii yake chini ya paa moja. Ukizitazama pamoja unaona kinacholingana: shela na sanda, wimbo na wimbo, na kwenye shughuli zote mbili swali lilelile la ndugu gani wamekuja na gani wamekataa kuja.

Muholi pia anajipiga mwenyewe. Mama yake, Bester, alifanya kazi za ndani katika nyumba ya familia ya kizungu kwa zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 2009. Mwaka 2015, akiwa Mayotte katika visiwa vya Komoro, Muholi alijipiga picha iliyopewa jina la mama huyo. Vibanio vya nguo vimepangwa kichwani kama taji na kuning'inia masikioni kama hereni. Midomo imepakwa nyeupe. Rangi ya ngozi imekolezwa wakati wa kuiandaa picha hadi mwili unang'aa kwa weusi wake. Vibanio vile ni kitu cha bei rahisi ambacho mtumishi wa ndani hukishika kila siku ya kufua, na havikuwahi kuwa pambo lake. Mtoto anamvika mama yake heshima kwa kifaa kilekile kilichomchosha, na anaifanya kazi hiyo kwa sura yake mwenyewe, sura ya mtoto ambaye maisha yake hayakufuata njia ya mabinti wengine.

Linganisha na Lebohang Kganye, pia wa Afrika Kusini. Baada ya mama yake kufariki, alivaa nguo za marehemu, akasimama alikosimama mama huyo, na mwaka 2013 akazichanganya picha zake na zile za kwenye albamu ya mama hadi wawili hao wakawa kama kivuli na mtu. Ni kazi nzuri ya maombolezo, na inawezekana kwa sababu albamu ilikuwepo na hakuna aliyehoji haki yake ya kuifungua. Wengi wa wasanii tuliowataja walilazimika kutengeneza albamu kwanza, wakiwa tayari matangani.

Kampala: sura moja, picha mbili

Afrika Mashariki inafahamu vizuri upande wa pili wa jambo hili. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone, lisilohusiana na jarida la Marekani, lilichapisha picha za watu lililowaita mashoga pamoja na wito wa kuwanyonga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sura ya mwanaharakati David Kato. Yeye na wenzake wawili walikwenda mahakamani na kushinda mapema Januari 2011. Tarehe 26 Januari aliuawa nyumbani kwake Mukono.

Kwenye mazishi, kasisi aliyeongoza ibada aliwahubiria waombolezaji dhidi ya mapenzi ya jinsia moja hadi wakamnyang'anya kipaza sauti. Rafiki za Kato walikuwa wamevaa fulana zenye picha yake, kama tunavyovaa sote tukienda kumzika mtu wetu. Sura ni ileile iliyokuwa gazetini. Miezi mitatu kabla ilikuwa hati ya kumkamatisha, na sasa, kifuani mwa waliompenda, ikawa hati ya ufiwa. Tofauti haikuwa katika picha. Ilikuwa katika aliyeishika.

Ndiyo maana si haki kumlaumu msanii wa pwani yetu au wa Bara kwa kutofanya alichofanya Goldin. Kifungu cha 162 cha sheria ya Kenya kinafika miaka 14 jela, sheria ya Tanzania inafika kifungo cha maisha, na ile ya Uganda ya mwaka 2023 ina adhabu ya kifo katika baadhi ya makosa. Mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina alipojitangaza kuwa shoga mwaka 2014 alichagua maneno. Alimwandikia mama yake, aliyefariki mwaka 2000 bila kuambiwa, akawaza kwamba yuko kando ya kitanda chake na anamwambia. Mama aliyekufa alimpa nafasi ya kusema ukweli ambao mama aliye hai hakuusikia. Muholi alimkuta Bester mahali hapohapo.

Sitara

Lipo pingamizi ambalo halijibiwi kwa kulipuuza. Katika mila za pwani maiti husitiriwa, na mwosha maiti ana wajibu wa kunyamaza juu ya alichokiona. Hujar hakuulizwa kama mdomo wake ulioachama uonekane na dunia. Cookie hakuulizwa akiwa jenezani. Mapenzi hayampi mtu ruhusa ya kila kitu, na zipo picha za aina hii, hasa siku hizi ambapo soko la sanaa linalipia vizuri machozi, ambazo hazina zaidi ya mtu kujionyesha kwamba alikuwepo.

Lakini sitara ni haki ya marehemu, na inageuka dhuluma inapotumiwa kumficha aliyebaki. Matangazo ya vifo ya miaka ya Ukimwi, New York na hata kwetu, yalijaa "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Maneno hayo yalimlinda marehemu kidogo. Zaidi yaliilinda familia, na yalimfuta kabisa aliyemwogesha mgonjwa usiku. Kipimo changu cha picha hizi kwa hiyo ni kimoja: je, zinamrudisha mtu huyo mahali pake, au zinamtumia marehemu tu? Picha 23 za Wojnarowicz zinapita kipimo hicho. Kitanda cha González-Torres kinapita bila kumvua mtu shuka.

Linalobaki ni utunzaji, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko ya udhibiti. Kazi za Hujar ziko Morgan Library tangu 2013, na karatasi za Wojnarowicz ziko Chuo Kikuu cha New York. Aprili 2012, kwa upande mwingine, wezi waliingia nyumbani kwa Muholi Cape Town wakachukua diski zaidi ya 20, miaka mitano ya kazi, pamoja na kumbukumbu za mazishi ya wanawake waliouawa. Kwa watu wa kawaida wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, diski ni simu, na mtu akifa simu huchukuliwa na ndugu, ambao hufuta wasichokielewa na wanachokielewa. Ikifutwa, hakuna jumba la sanaa litakaloweza kumpa mfiwa yule nafasi yake baadaye. Anayetaka kuhesabiwa hahitaji maonyesho London. Anahitaji nakala mahali pa salama, yenye majina na tarehe, na mtu mmoja anayejua iko wapi.